Je, sumaku yaweza kuivuta damu yako?

Mama mmoja aliyekuwa akimleta mwanawe wa miaka 9 katika kliniki yangu kila mwezi kwa sababu ya ugonjwa wa selimundu aliacha kuja kwa miezi mitatu mfululizo. Aliporudi, mtoto alikuwa amebebwa mgongoni. Macho yalikuwa ya manjano, viganja vimepauka kama karatasi, na juu ya hayo yote alikuwa na malaria. Tulimkimbiza hospitalini akaongezwa damu, na baada ya siku kadhaa alipata nafuu.

Nilipomvua shati ili nimpime kifua ndipo nilipoona kibandiko cheusi cha mpira, kikubwa kidogo kuliko sarafu ya shilingi 20, kimegandishwa kwa plasta upande wa moyo.

"Hiki ni nini, mama?"

"Ni sumaku, daktari. Waliniambia inavuta chuma kilichomo kwenye damu, ndipo damu ipite bila kukwama."

Tembe za asidi ya foliki na zile za kuzuia malaria alikuwa ameziweka kando, kwa kuwa mchuuzi alimwambia kwamba dawa za hospitali hupingana na sumaku. Alikuwa amenunua vibandiko vinne.

Yanibidi nikiri kosa langu hapa. Katika ziara yake ya mwisho kabla ya kupotea, mama huyo aliniuliza kama ni kweli kwamba damu ina chuma. Nilimjibu, "Ndiyo, inayo," bila hata kuinua macho kutoka kwa kadi niliyokuwa nikiandika, kisha nikamwita mgonjwa aliyefuata. Jibu langu lilikuwa sahihi, na ndilo lililomuuzia mchuuzi bidhaa yake. Makala haya ni zile dakika ambazo sikumpa siku ile.

Kibandiko kile nilikibandua nikaenda nacho nyumbani. Nilichukua pini ya kushonea nikaigusisha upande mmoja, ikashika. Nikakigeuza upande wa pili; ikaanguka. Mchuuzi alikuwa amemsisitizia mama kwamba asikosee upande, na katika hilo hakusema uongo. Sumaku nyingi za kubandika kwenye mlango wa friji ni za aina hiyo. Ni mpira uliochanganywa na unga wa sumaku, na ncha za kaskazini na kusini zimepangwa kwa mistari ili nguvu itokee upande mmoja tu. Ikiwa unazo mbili, zilaze mgongo kwa mgongo kisha uivute moja juu ya nyingine. Ukivuta kwa njia moja zitarukaruka kama gari kwenye barabara ya mawe. Ukivuta kwa njia ya kukingama zitateleza bila taabu.

Kwa hivyo sumaku si suala la nguvu peke yake. Ni suala la mwelekeo pia. Jambo hilo linawashughulisha wanasayansi wanaotengeneza sumaku kutokana na molekuli, na hasa wanaozitandaza zikawa utando mwembamba mno. Nilipoyasoma mambo yao niliona kwamba wanamjibu mama yule vizuri kuliko nilivyomjibu mimi.

CHUMA CHA MSUMARI NA CHUMA CHA DAMU

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za chuma, kiasi cha msumari mdogo. Sehemu kubwa imo katika himoglobini, ile kemikali nyekundu inayobeba oksijeni. Sasa, kama msumari huvutwa na sumaku, kwa nini kidole chako hakivutwi?

Kila atomi ya chuma ina elektroni ambazo kila mojawapo ni kijisumaku. Katika msumari, atomi zimebanana, na kila moja huisikia jirani yake. Vijisumaku vyao hukubaliana kuelekea upande mmoja kwa mamilioni, na makubaliano hayo ndiyo tunayoyaita sumaku. Katika damu, atomi ya chuma hukaa peke yake katikati ya molekuli bapa iitwayo himu, nayo himu imefungwa ndani ya protini kama mtoto ndani ya blanketi. Kila himoglobini ina himu nne, na zimeachana mbali kiasi kwamba chuma cha huku hakisikii cha kule. Ni kama watu wanne wanaoimba kila mtu katika nyumba yake. Hata wakiimba kwa sauti, hiyo si kwaya.

Mwaka 1936 wanakemia wa Marekani, Linus Pauling na Charles Coryell, waliipima damu kwa sumaku. Waligundua kwamba himoglobini iliyojaa oksijeni husukumwa kidogo na sumaku badala ya kuvutwa. Iliyopoteza oksijeni huvutwa, lakini kwa unyonge mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tofauti hiyo ndogo ilianza kutumiwa na mashine za MRI kuonyesha ni sehemu ipi ya ubongo inayofanya kazi. Basi, damu inayotoka mapafuni, ambayo ndiyo iliyo na heri kwa mgonjwa, ndiyo inayoikimbia sumaku. Hata tukisahau mengine yote, maneno ya mchuuzi yanaanguka hapo.

Hata hivyo, tusiharakishe kusema kwamba molekuli haziwezi kuwa sumaku. Zinaweza, mradi atomi za chuma zipewe njia ya kusikilizana.

RANGI YA BULUU

Kila aliyesomea udaktari ameiona buluu ya Prusia, ingawa wengi wetu tulidhani ni rangi tu. Iligunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 na watengenezaji rangi. Katika maabara ya hospitali, tukitaka kujua kama uboho wa mgonjwa una akiba ya chuma, tunautia dawa ambayo hugeuka buluu hiyo palipo na chuma. Mimi binafsi nilishinda jioni nyingi za chuo nikitafuta madoa hayo chini ya hadubini.

Buluu hiyo ni dawa pia. Mwezi Septemba mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, waokotaji wa vyuma vikuukuu waliingia katika kliniki iliyohamwa wakang'oa kifaa cha mashine ya miale ya kutibu saratani. Ndani yake mlikuwa na unga wa sisiamu uliong'aa gizani, na watu wakagawiana kama pambo. Watu 4 walifariki na 249 wakapatikana wamechafuliwa na miale. Wagonjwa 46 walipewa buluu ya Prusia wameze. Huinasa sisiamu matumboni ikatoka na choo. Hufanya vivyo hivyo kwa sumu ya thaliamu. Jambo la ajabu ni kwamba dawa hii ina sianidi ndani yake, lakini sianidi hiyo imefungwa na chuma kwa nguvu kiasi kwamba mwili hauwezi kuifungua.

Sianidi hiyo ndiyo inayotuhusu. Buluu ya Prusia imejengwa kama jukwaa la mafundi wa nyumba ya ghorofa. Kila kona pana atomi ya chuma, na kutoka kona hadi kona pana daraja la sianidi. Kupitia madaraja hayo atomi husikilizana, jambo lisilowezekana katika himoglobini. Ukiipoza mpaka kiasi cha nyuzi 267 chini ya sufuri, kitu hicho hugeuka sumaku kamili. Kikipata joto zaidi ya hapo, mtikisiko wa joto huvuruga makubaliano.

Wanakemia wakajiuliza: tukiliacha jukwaa vile vile lakini tubadilishe atomi zilizo konani? Mwaka 1995 kundi lililofanya kazi Paris likiongozwa na Michel Verdaguer lilitangaza jukwaa la vanadiamu na kromiamu linalobaki sumaku hadi nyuzi 42 hivi za Selsiasi. Daktari haiwezi kumpita nambari hiyo bila kuitazama, kwani ndiyo homa inayotutia hofu wodini. Ukiiacha sumaku hiyo ndani ya gari lililofungwa juani Mombasa, itaacha kuwa sumaku mpaka ipoe.

UTANDO NA MWELEKEO WAKE

Ili kutengeneza utando, watafiti huchukua kipande cha plastiki au kioo wakakichovya katika maji yenye madini ya aina ya kwanza, wakakisuuza, wakakichovya katika maji yenye sianidi iliyoshikwa na madini ya pili, wakakisuuza tena. Kila mchovyo huongeza tabaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walitengeneza tando za namna hii zenye unene wa kama sehemu moja ya tano ya maikromita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hadi 8 na unene wa kama 2. Basi utando huo ni mwembamba kuliko chembe ya damu iliyolala chali, mara kumi hivi.

Kisha huuweka utando ndani ya uga wa sumaku, yaani eneo linalotawaliwa na nguvu ya sumaku kubwa. Kwanza huulaza sambamba na uga, halafu huugeuza ili uso wake uukabili uga huo. Ni utando ule ule, baridi ile ile na nguvu ile ile, lakini vipimo hutofautiana. Ukilazwa sambamba hukubali kuwa sumaku kwa urahisi. Ukisimamishwa kuukabili uga, hushika kwa ugumu.

Sababu yake unaweza kuihisi kwa mikono yako. Chukua sumaku mbili za umbo la kijiti. Zipange ubavu kwa ubavu, ncha za kaskazini zote zikitazama juu, zitasukumana. Zipange katika foleni, kaskazini ya moja nyuma ya kusini ya nyingine, zitashikana. Ndani ya utando, vijisumaku vikilazimishwa kutazama juu, vyote huwa vimesimama ubavu kwa ubavu kama askari wa gwaride, na kila kimoja humsukuma mwenzake. Vikiruhusiwa kulala, hujipanga foleni ndefu kutoka ukingo hadi ukingo. Mistari iliyo jirani bado husukumana, lakini faida ya foleni huishinda hasara hiyo. Ndiyo maana utando hupenda kuwa sumaku kwa kulala. Ukiusaga utando huo ukawa unga, chembe zake zitatazama kila upande na upendeleo huo utapotea, ingawa kemikali haikubadilika hata kidogo. Umbo ndilo lililoamua.

Umbo hata hivyo si sababu ya pekee. Watafiti wa Florida walipolinganisha tando zenye madini mbalimbali, waliona kwamba katika zile za nikeli na kromiamu umbo latosha kueleza tofauti yote. Katika zile za kobalti na chuma, halitoshi. Atomi ya kobalti ina upendeleo wake yenyewe, kwa sababu jinsi elektroni zake zinavyozunguka huongeza usumaku kwa njia isiyo sawa pande zote. Hapo umbo la utando huusukuma upande mmoja, na atomi nazo huwa na neno lao.

Tando hizo za kobalti zina kioja kingine. Wajapani walionyesha mwaka 1996 kwamba kitu cha aina hii kikimulikwa kwa mwanga mwekundu kingali katika baridi kali, usumaku wake huongezeka. Mwaka 2004 watu wa Florida waliumulika utando wao. Ulipolala sambamba na uga, mwanga uliongeza usumaku, kama ilivyotarajiwa. Walipougeuza ukaukabili uga ambao ulikuwa mdogo, mwanga ule ule ukaupunguza! Maelezo ni yale ya sumaku mbili zilizosimama ubavu kwa ubavu. Vijisumaku vipya vilivyozaliwa kwa mwanga vilijikuta kati ya vya zamani vilivyokwisha kutazama juu, navyo vikasukumwa vitazame chini.

Matumizi? Wapo wanaotumaini kutunza habari za kompyuta ndani ya tando kama hizi. Kwa sasa kazi nyingi iko maabarani, kwenye baridi ambayo hakuna kiumbe hai anayeiweza.

TURUDI KWA MTOTO

Mama yule angeweza kuniuliza hivi: "Kama molekuli zina mwelekeo, je, zile za mwanangu hazina?" Zinao. Na hapa ndipo niliposhangaa zaidi.

Katika selimundu, himoglobini ina kasoro ndogo ya kurithi, ambayo Pauling yule yule na wenzake waliionyesha mwaka 1949. Ikipoteza oksijeni, molekuli zake hushikamana zikawa nyuzi ndefu ngumu, na chembe huvutwa ikachukua umbo la mundu. Mwaka 1965 mtafiti Makio Murayama alichapisha habari kwamba chembe za mundu zikiwekwa ndani ya uga wa sumaku hugeuka na kujipanga kwa kuukingama uga huo.

Kwa nini zigeuke? Kumbuka kwamba himu ni molekuli bapa. Chuma chake kisichokuwa na oksijeni hakiitikii sumaku kwa kiasi kile kile kila upande. Katika chembe nzima yenye afya, himoglobini huogelea ovyo, kila moja ikitazama kwake, na upendeleo wao hufutana. Katika chembe ya mundu zimepangwa kwenye nyuzi, zote zikitazama namna moja, hivyo upendeleo mdogo hujumlishwa na mwingine mpaka ukatosha kuigeuza chembe. Hiyo ndiyo hesabu ya utando na unga wake: vitu vile vile, vikipangwa huonyesha mwelekeo, vikivurugwa huuficha.

Hata chembe za kawaida hazikosi mwelekeo. Wajapani waliziweka katika uga wa tesla 8 wakaripoti mwaka 1993 kwamba zilijipanga na ubapa wao sambamba na uga. Waliona kwamba sababu yake iko hasa katika ngozi ya chembe, ambayo nayo ni utando wa molekuli zilizojipanga. Tesla 8 ni nguvu kubwa. Mashine nyingi za MRI ni za tesla 1.5 au 3, na sumaku ya friji ni takriban sehemu moja ya mia ya tesla moja pale juu ya uso wake.

Nguvu ya kibandiko cha mistari hufifia haraka mno kwa sababu ncha za kaskazini na kusini ziko karibu karibu na hufutana. Nilikiweka kile cha mama juu ya kadi tatu za kliniki zilizopandanishwa. Pini haikujua kwamba kuna sumaku chini yake. Moyo wa mtoto uko ndani zaidi ya kadi tatu.

Na tuseme kwamba ingefika. Kuigeuza chembe ya mundu si kuinyoosha. Kilichoipinda ni ukosefu wa oksijeni, na sumaku haileti oksijeni. Kuhusu maumivu, ambayo ndiyo sababu nyingine ya watu kununua vitu hivi, jarida la chama cha madaktari wa Kanada lilichapisha mwaka 2007 uchambuzi wa majaribio mengi yaliyolinganisha sumaku halisi na bandia. Uchambuzi huo haukupata ushahidi wa kuzipendekeza sumaku kwa kutuliza maumivu. Kwa maumivu ya viungo vilivyochakaa tu ndipo waandishi walipoona kwamba uchunguzi zaidi unahitajika.

Niliyaeleza haya kwa mama huyo siku mtoto alipotoka wodini, nikiwa na sumaku mbili na pini mezani. Alizichezea kwa muda, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: je, zile dawa alizoacha zitakubali tena, au zimekasirika? Nilimwambia dawa hazikasiriki. Asidi ya foliki humsaidia mtoto kutengeneza chembe mpya, kwa kuwa za mundu hufa upesi. Dawa ya kuzuia malaria ni ngao yake, maana malaria humpiga mgonjwa wa selimundu vibaya sana. Anywe maji kwa wingi, asipigwe na baridi, apate chanjo zote, na homa yoyote iletwe siku ile ile. Walio na watoto chini ya miaka mitano waulize pia kuhusu penisilini ya kila siku. Mtoto wake nilimwanzishia haidroksiyurea, ambayo huufanya mwili utengeneze himoglobini ya aina ya kichanga, isiyojipanga nyuzi. Dawa hiyo huhitaji damu ipimwe mara kwa mara, kwa hivyo haifai kununuliwa kiholela.

Kwa wale ambao bado wana sumaku za kujifunga nyumbani: mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asiziweke kifuani. Sumaku ndogo ndogo ziwekwe mbali na watoto, kwani wakimeza mbili hushikana kupitia kuta za utumbo zikautoboa. Ikitokea hivyo, nenda hospitali mara moja bila kungoja zitoke. Anayeingia katika chumba cha MRI avue kila sumaku na kila chuma, na amweleze mhudumu kama ana chuma chochote mwilini. Wagonjwa wa selimundu hupimwa ubongo kwa mashine hiyo kuona kama wamepata kiharusi kisichoonekana, na habari ya chembe kugeuka isiwatie hofu.

Mama alinirudishia vibandiko vitatu vilivyobaki. Alitaka kujua kama anaweza kudai fedha zake. Mchuuzi alikuwa amehama.